Ule binti wa Uingereza mwenye alioleshwaka Denmark na miaka 15, bwana hayuko ata ku harusi: nani anajua vizuri maisha yake?

dada_kadutu

Jambo ba yaya na ba dada. Mi niko Bukavu, Kadutu. Mutoto wa yaya yangu walimuazima kitabu ya historia, akaiacha ku meza ya salon, mi nikaifungua tu vile nikisubiri maharagi iive. Mule ndani kuna kurasa mbili tatu juu ya malkia mumoja jina yake Caroline Mathilde. Nilisoma, nikarudilia, usiku usingizi ikakataa.

Banasema alizaliwaka London mwaka 1751, baba yake alikuwa amekwisha kufa karibu miezi ine mbele azaliwe, yee njo alikuwa kitinda mimba, mutoto wa kenda. Kaka yake mukubwa, George III, akakuwa mufalme wa Uingereza mwaka 1760. Kisha 1766, binti iko na miaka 15, bakamupa Christian VII wa Denmark mwenye hajamuona ata siku moja, na yee mufalme mwenyewe alikuwa na miaka 17 tu. Siku ya ndoa, tarehe 1 Oktoba, kule St James's Palace, bwana harusi hayuko! Kaka yake mwingine wa binti, Edward, Duke wa York, njo alisimama fasi yake, akajibu kwa jina ya mutu mwenye iko mbali ng'ambo ya bahari.

Sasa maswali yangu. Ile ndoa ilihesabiwa kama ndoa ya kweli? Hakukuwa mutu wa kuuliza kwanza huyu bwana ni mutu wa namna gani? Na ilienda je mpaka wakamunyanganya batoto yake, juu ile kitabu inapita pale mbiombio, inasema tu "alitengana na wanawe" kisha inarukia mambo ya vita.

Siulizi bule. Dada yangu mudogo iko na miaka 22, kuna kijana wa Ulaya amemuomba, ni wa kwetu huku lakini alitoka mutoto, wanaongeaka ku WhatsApp tangu miezi sita. Jamaa ya kijana wanasema watakuja kutoa mahari mwezi wa nane, yee hatapata ruhusa ku kazi, basi ndugu yake atasimama fasi yake na picha yake kubwa itawekwa ku kiti. Kwetu wote wanafurahi. Mi pia nilikuwa nafurahi mpaka nisome ile kitabu.

mwalimu_ibanda

Dada, nimefundisha historia miaka mingi hapa Bukavu na huyu Caroline Mathilde ni mmoja wa watu wanaoniuma roho kila nikimkuta, kwa hiyo nisamehe nikiandika marefu.

Ndio, ilikuwa ndoa kamili. Nyumba za kifalme za Ulaya zilikuwa zinafanya hivyo sana, mtu anasimama kwa niaba ya bwana harusi, padri au askofu anafungisha, na kuanzia hapo binti ni mke wa mtu, hawezi kurudi nyuma. Kisha wakifika kwa bwana wanarudilia sherehe. Yeye walirudilia tarehe 8 Novemba 1766 katika jumba la Christiansborg, Copenhagen. Katikati ya hizo tarehe mbili kuna safari, na ndani ya safari kuna jambo moja ambalo vitabu vingi vinapita haraka lakini mimi naona ndipo pa kukaa kidogo. Alivuka bahari kutoka Harwich mpaka Uholanzi, akapanda kwa gari za farasi kuelekea kaskazini, na alipofika Altona, karibu na Hamburg, ambako ilikuwa ardhi ya mfalme wa Denmark, wale wanawake wote wa Uingereza waliomsindikiza walirudishwa. Wote. Akapokelewa na watu wa Denmark ambao hakumjua hata mmoja. Miaka 15, dada. Huku kwetu hata bibi harusi anayeenda Bagira tu anatoka Kadutu anasindikizwa na shangazi, na shangazi analala hapo siku kadhaa aone mambo yanaendaje.

Kuhusu kuuliza tabia ya bwana: waliuliza, lakini waliuliza watu wa serikali. Barua kutoka Copenhagen zilimsifu kijana, ana sura nzuri, ana akili, anaongea vizuri. Na si uongo wote, Christian alikuwa na akili kweli. Lakini alilelewa vibaya sana, mama yake Louise alikufa akiwa na miaka miwili hivi, baba yake alikuwa mlevi, na mwalimu wake Reventlow alikuwa anampiga sana. Mbele ya hapo tayari kulikuwa na dalili za ugonjwa wa akili, na hilo hakuna aliyeliandika waziwazi kwa mama ya binti. Tena walikuwa watoto wa ndugu: Louise, mama ya Christian, alikuwa dada ya Frederick, baba ya Caroline Mathilde. Hesabu ilikuwa ya dini na siasa, wote Waprotestanti, na Denmark wakati ule pamoja na Norwei ilishika mlango wa bahari ya Baltiki. Nani angeuliza kama mfalme analala usiku au halali?

papa_bagira

Mi nitasema tofauti kidogo, na naomba musikasirike. Mwalimu amesema kweli juu ya safari, lakini tusimufanye ule bibi kuwa malaika. Alikuwa malkia, alikuwa muke wa mutu, akaingia katika mapenzi na munganga wa bwana yake, Struensee, munganga mwenye bwana yake njo alimuleta ndani ya nyumba! Na mutoto wa pili, Louise Auguste, alizaliwa Julai 1771, karibu watu wote wanakubali ni wa Struensee. Mimi niko baba ya batoto, nikifikiri ile kitu inaniuma. Mufalme alikuwa mugonjwa, ndiyo, lakini mugonjwa haachwi.

Ku mambo ya dada yako: ndoa ya picha si mubaya yenyewe. Mimi nilipooa, barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa, mukubwa wangu njo alipeleka mahari fasi yangu. Leo ni miaka 31.

nesi_nyawera

Papa Bagira mi nakuheshimu lakini hapo kwa "munganga" ngoja niongee juu ni kazi yangu.

Struensee hakuingia kwa mulango ya mapenzi. Alikuwa daktari wa Altona, Mujerumani, mufalme alimuchukua wakati alienda kutembea Ulaya, Uingereza na Ufaransa, kuanzia Mei 1768 mpaka Januari 1769. Na angalia vile: mutoto wao wa kwanza Frederick alizaliwaka tarehe 28 Januari 1768, basi malkia aliachwa ku nyumba na mutoto wa miezi tatu, bwana anaenda kutembea mpaka London kwao mwenyewe binti, bila yeye. Kwao! Alipenda kwenda, wakakataa. Mi nikisoma pale nilifunga kitabu kwanza.

Struensee aliporudi na mufalme, malkia hakumupenda, alizania ni walewale marafiki wabaya wa bwana yake. Mwaka 1769 akagonjwa, akawa ni mutu wa kukaa ndani tu na kulia, wakamuitia huyu daktari. Hakumupa dawa mingi. Alimwambia atoke inje, atembee, apande farasi, aongee na watu. Sisi ku zamu tunaonaka wamama kama wale kila siku, mutoto mudogo, bwana hayuko au iko na haongei, wanakuja na kichwa, na tumbo, na moyo kupiga mbio, na ukipima hauoni kitu. Ukiwauliza tu "unalala na nani nyumbani, nani anakusaidia mutoto" wanaanza kulia mbele umalize kuuliza.

Kisha kukaja ndui. Wakati ule chanjo ya Jenner, ule munganga wa Uingereza, ilikuwa haijafika, ni ya 1796. Walikuwa wanachukua usaha ya mugonjwa wa ndui wanaingiza ku mukwaruzo ya mutu mwenye hajagonjwa ili agonjwe kidogo tu apone. Ni hatari, wengine walikufaka. Mwaka 1770 Struensee akafanya ile kwa mutoto wa mufalme, miaka miwili tu, na mama akabaki pale na mutoto wake na daktari wakimuangalia. Mutoto akapona. Mama yoyote mwenye amekaa usiku pembeni ya kitanda ya mutoto mwenye homa, na mutu mumoja tu iko naye pale, anajua namna gani moyo inashikamana na ule mutu. Sisemi ni haki. Nasema ile ilikuwa ndiyo mulango.

dada_kadutu

Nesi umenilizisha kabisa. Lakini mbele ya daktari, hakukuwa ata mutu mumoja wake kule ikulu? Mwanamuke mwenzake?

mwalimu_ibanda

Alikuwako! Na asante kwa swali hilo maana mimi nilitaka kufika hapo. Alikuwako Louise von Plessen, mkuu wa wanawake wa malkia, mwanamke mzima, mkali, mcha Mungu, alimpenda yule binti kama mtoto wake. Hakuogopa kumwambia mfalme kwamba mambo yake ni mabaya. Kwa maana Christian miezi hiyo alikuwa anatoka usiku mjini na mwanamke waliyemwita Støvlet-Cathrine, wanaingia kwenye nyumba za malaya, wanapigana na walinzi wa usiku. Plessen alimshauri malkia asimkubali kirahisi. Labda shauri lile halikuwa zuri, wengine wanasema lilizidisha ugomvi, mimi nadhani alikuwa anajaribu kumlinda mtoto kwa namna aliyoijua. Basi mwaka 1768 akafukuzwa. Akapewa amri ya kuondoka, na malkia akabaki tena peke yake, sasa akiwa na miaka 16 na mtoto mchanga.

Kwa hiyo hesabu: Altona wanaondolewa wale wa kwao, miaka isiyofika miwili anaondolewa yule mmoja aliyempata. Papa Bagira, mimi sipingi kwamba alivunja ndoa, alivunja, na alikiri mwenyewe. Lakini kila aliyekuwa anaweza kumshika mkono na kumwambia "mwanangu, hapo usipite" alikuwa ameondolewa na hao hao waliomhukumu baadaye. Kaka yako alipopeleka mahari fasi yako, mke wako alifika kwenu akamkuta mama yako, dada zako, na kwao ni mwendo wa saa mbili. Si kitu kimoja.

Sasa niendelee na mwisho. Ugonjwa wa mfalme ulivyozidi, Struensee akawa ndiye anatawala, hasa kuanzia mwisho wa 1770. Alifanya mambo makubwa: aliondoa ukaguzi wa vitabu na magazeti Septemba 1770, akakataza kutesa watu ili wakiri, akapunguza kazi za bure za wakulima. Zaidi ya amri elfu moja katika muda mfupi sana, na karibu zote kwa Kijerumani, maana Kidenmark hakujua vizuri. Watu wa nchi wanasoma amri za mgeni katika lugha ya mgeni. Na ule uhuru wa kuandika aliouleta ndio uliotumika kuandika vikaratasi vya kumchafua yeye na malkia, mambo ya chumbani yakauzwa barabarani. Malkia naye alikuwa anapanda farasi na nguo za kiume, mbele ya watu wote, hakujificha. Nafikiri alikuwa anafurahi kwa mara ya kwanza tangu London, na alisahau kwamba anaangaliwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Januari 1772, baada ya dansi ya watu kuvaa barakoa ikulu, mama wa kambo wa mfalme, Juliana Maria, na watu wake waliingia kwa mfalme wakamfanya atie sahihi. Struensee akakamatwa kitandani. Malkia akapelekwa kwenye ngome ya Kronborg, Helsingør, na yule mtoto wa kike wa miezi sita. Mtoto wa kiume wa karibu miaka minne wakambakisha Copenhagen. Hakumwona tena. Tarehe 6 Aprili ndoa ikavunjwa. Tarehe 28 Aprili Struensee na rafiki yake Brandt wakauawa mbele ya umati, wakakatwa kwanza mkono wa kulia, kisha kichwa.

papa_bagira

Mwalimu nimekusikia. Pale pa Plessen sikupajua. Nabaki ku mawazo yangu juu ya zinaa, lakini ile ya kumuondolea watu wote, hapana, ile si ya kufanyia binti wa mutu. Sasa kaka yake, mufalme wa Uingereza na manuari yake yote, alikuwa wapi?

mwalimu_ibanda

Kaka yake alikuja, kwa kuchelewa. Wadenmark walitaka kumfungia maisha yake yote kule Aalborg, kaskazini. George III akatisha, akatuma meli za vita, wakakubali kumwachia. Mwisho wa Mei 1772 meli zilifika Helsingør kumchukua. Lakini yule mtoto wa kike alihesabiwa kuwa mtoto wa mfalme wa Denmark kisheria, basi lazima abaki. Alikuwa hajatimiza mwaka mmoja, alikuwa amekaa naye gerezani miezi minne. Mama alipanda meli mikono mitupu.

Na kaka yake hakumrudisha London. Alimpeleka Celle, huko Hannover, Ujerumani, ardhi yake mwenyewe George, akampa nyumba ya kifalme na watumishi. Alikuwa anaogopa kashfa ndani ya nyumba yake. Mimi hapa simsamehe. Binti walimtoa kwa mkono wao, wakamfungisha ndoa na kaka yao kasimama mahali pa bwana, na aliporudi mlango wa nyumbani haukufunguliwa.

Tena Celle! Bibi mzaa babu yake, Sophia Dorothea, alikuwa binti wa Celle hiyohiyo, aliolewa 1682 na bwana ambaye baadaye akawa George I wa Uingereza, ndoa ikavunjwa 1694 kwa sababu ya mwanaume mwingine, akafungiwa nyumba ya Ahlden zaidi ya miaka 30 mpaka alipokufa 1726, na watoto wake hakuwaona tena. Leo hao wanawake wawili wamelala kanisa moja, chini, kwenye makaburi ya familia pale Celle.

nesi_nyawera

Alikufa tarehe 10 Mei 1775, homa ya vipele vyekundu, ile Wafaransa wanaita skarlatini. Alikuwa na miaka 23. Leo ni kitu tunatibu na penisilini, siku kumi. Kuna watu walikuwa wanapanga kwa siri kumurudisha Denmark, kijana mumoja Mwingereza Wraxall alikuwa anapeleka barua, na kifo kikafika mbele.

Dada, miaka 23. Dada yako mudogo iko na 22.

mama_wa_nguba

Wanangu, mimi nimezeeka, mjukuu wangu ndiye ananiandikia hapa. Mimi niliolewa kwa picha. Bwana alikuwa kazini mbali sana, walileta ng'ombe wanne kwa baba yangu na picha moja ndogo, imekunjwa pembeni. Niliiangalia hiyo picha mwaka mzima. Nilipofika kwake nilikuta mtu mwingine, si sura, sura ilikuwa ile ile, lakini alikuwa mtu wa kunyamaza siku tatu na siku ya ine anavunja vitu. Hakuna aliyeniambia. Ndugu yake aliyeleta mahari alikuwa anajua.

Mama yangu alikuwa amefanya kitu kimoja. Aliniambia, "nakupa dada yako mdogo, atakaa nawe mpaka uzae." Baba alikataa juu ya nauli, mama akauza kitenge chake cha siku kuu. Huyo dada yangu ndiye alirudi nyumbani kusema. Wazee wangu wakaja, wakakaa na bwana, wakaongea siku mbili. Hakupona kabisa, lakini nilikuwa na watu nyuma yangu na yeye alijua. Nilizaa watoto saba pale.

Wewe usiogope picha kwenye kiti. Uliza yule ndugu anayesimama: unamjua ndugu yako namna gani, mara ya mwisho ulilala nyumba moja naye ni lini. Na kule Ulaya, nani wa kwetu anakaa karibu, jina lake na namba yake ya simu, mtu ambaye binti anaweza kugonga mlango wake usiku.

dada_kadutu

Mama, aksanti sana, nimesoma ujumbe yako kwa sauti mbele ya mama yangu na ba tantini wawili, wote walinyamaza. Jana jioni tulimuita ule ndugu ya kijana, tukamuuliza ile swali yako vile vile uliiandika. Alikaa kimya kwanza kisha akasema ukweli, mara ya mwisho kulala nyumba moja walikuwa batoto, mbele ya ule mwingine apande ndege, ni miaka kumi na ine. Yaani yee mwenyewe hamujui. Hakukasirika, alisema ata yee ilikuwa inamusumbua kusimama na kujibu juu ya mutu mwenye hajui anakulaka nini.

Basi tumesema mahari isije mwezi wa nane. Kijana aje mwenyewe, ata kama ni mwaka kesho, akae hapa wiki mbili, akule na sisi. Dada yangu alilia kidogo, juu anamupenda, lakini usiku alinitumia ujumbe anauliza kama ba Frederick na ule mudogo Louise Auguste walikomea wapi, kama waliishi pamoja ao waliwatenganisha. Mwalimu, unajua?

mwalimu_ibanda

Mwambie walilelewa pamoja pale ikulu, na walipendana sana maisha yao yote. Frederick alikuwa na miaka 16 alipoingia mara ya kwanza kwenye baraza la serikali, tarehe 14 Aprili 1784, akatoa karatasi mfukoni, baba yake akatia sahihi, na wale watu wa Juliana Maria waliomfunga mama yake wakatoka madarakani siku ileile. Mwaka 1788 serikali yake ikawafungulia wakulima waliokuwa wamefungwa kwenye ardhi ya mabwana. Alitawala kama Frederick VI baada ya baba yake kufa mwaka 1808. Louise Auguste aliolewa mwaka 1786 na kijana ambaye baadaye akawa duke wa Augustenborg, na binti yake, Caroline Amalie, akawa malkia wa Denmark. Caroline, kama bibi yake.